Chakula cha Kweli cha Kituruki Karibu na Sultanahmet, Istanbul: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sultanahmet ndiko kuliko na Ayasofya, Msikiti wa Buluu, kasri la Topkapı na birika la chini ya ardhi la Yerebatan, vyote ndani ya mwendo wa dakika chache. Ndiko pia kuliko na migahawa mingi inayoishi kwa mteja anayekula mara moja na asirudi tena. Majibu haya ni kwa anayefikia mtaa huo au anayepita tu, na anataka kula kile wanachokula wenyeji.

Nina mlo mmoja tu. Niende wapi?

Nenda mchana, si usiku. Teremka na reli ya tramu kutoka Ayasofya, pita geti la bustani ya Gülhane, endelea mpaka Sirkeci. Kwa miguu ni dakika kumi au zaidi kidogo, na njia nzima ni mteremko. Ukifika ingia Hocapaşa, kichochoro cha vijimgahawa vilivyobanana, kisha kaa pale ambapo wafanyakazi wa ofisi na maduka wamejaa. Yanayofuata hapa chini ni maelezo tu ya ushauri huo.

Kwa hiyo Sultanahmet penyewe hakuna kitu?

Kipo, ila kichache. Maarufu kuliko vyote ni köfte, nyama ya kusaga iliyofinyangwa vidole na kuchomwa kwenye mkaa. Tarihi Sultanahmet Köftecisi iliyopo barabara ya Divanyolu inauza köfte tangu 1920. Menyu yake ni fupi: köfte, supu ya dengu, saladi ya maharage meupe iitwayo piyaz, pilipili za achari, mtindi wa kunywa (ayran), na helva ya semolina ya kumalizia. Ukikaa, chakula kinafika kabla hujamaliza kutazama picha za ukutani.

Tatizo ni kwamba jirani zake nao wameandika "Sultanahmet Köftecisi" kwa herufi kubwa, na baadhi wana mtu mlangoni wa kukuita. Lenye mwaka 1920 na jina la Selim Usta ndilo linalotafutwa. Sisemi majirani wote ni wabaya. Nasema tu kwamba umesafiri mbali, basi kula kile ulichokikusudia.

Usitarajie viungo vingi. Köfte ya hapa ni nyama, chumvi na moto. Aliyezoea kababu zenye bizari na kotimiri anaweza kuiona imepooza mpaka aongeze ile rojo ya pilipili nyekundu inayowekwa pembeni.

"Esnaf lokantası" ni kitu gani, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Esnaf ni mafundi na wenye maduka. Lokanta yao ni mahali wanapokula mchana kabla ya kurudi kazini, na hapo ndipo chakula cha nyumbani cha Kituruki kinapopatikana kwa mgeni asiye na mwenyeji. Wageni wengi huondoka Istanbul wakiamini Waturuki wanaishi kwa nyama ya kuchoma. Ukweli ni kwamba chakula cha kila siku ni cha mchuzi: maharage, dengu, njegere, bilinganya, bamia, spinachi, na nyama kidogo ya kutia ladha.

Ukiingia, usitafute meza kwanza. Nenda kwenye kaunta ya vyuma yenye mvuke, simama mbele ya kioo, utazame. Kutakuwa na karnıyarık, bilinganya iliyokaangwa, ikapasuliwa tumbo na kujazwa nyama ya kusaga na nyanya, juu yake pilipili hoho moja ya kijani imelala. Kutakuwa na kuru fasulye, maharage meupe ya mchuzi mwekundu. Pengine utakuta hünkar beğendi, vipande vya nyama juu ya uji mzito wa bilinganya iliyochomwa moto na kupondwa na maziwa, wenye harufu ya moshi. Pembeni kuna vyakula vya mafuta ya zeituni vinavyoliwa vikiwa baridi: maharage mabichi, artichoki, majani ya mzabibu yaliyofungwa wali.

Onyesha kwa kidole. Hakuna anayekucheka, hata Waturuki hufanya hivyo. Ukitaka kuonja vitu vitatu bila kushindwa, sema "az" kabla ya jina la chakula: az pilav (wali kidogo), az kuru (maharage kidogo). Utapewa sahani ndogo kwa bei ndogo. Mwenye njaa ya kazi aseme "bir buçuk", yaani sahani moja na nusu. Mkate uko mezani na kwa kawaida haulipiwi.

Mpishi au mkata nyama anaitwa usta. Ukimaliza, mwambie "eline sağlık" unapotoka, ndiyo shukrani ya mikono iliyopika. Mara nyingi hilo pekee linaleta glasi ya chai ambayo hukuiagiza.

Saa ngapi ni bora?

Kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana. Saa ya Istanbul ni sawa na ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo huna haja ya kugusa saa yako. Baada ya saa tisa sinia zinaanza kuonyesha chini, na lokanta nyingi za kweli hufunga jioni mapema kwa sababu wateja wake wameshakwenda nyumbani. Hili ndilo linalowaponza watalii: wanazunguka makumbusho mchana kutwa wakitafuna simit (mkate wa duara wenye ufuta), halafu saa mbili usiku wanaanza kutafuta "chakula halisi", wakati kilichobaki wazi ni kile kilichowekwa kwa ajili yao. Panga siku yako kuzunguka mlo wa mchana, usiku ule supu.

Jumapili ni siku ngumu. Soko kubwa la Kapalıçarşı hufungwa, na vijimgahawa vingi vya ndani yake na vya kuteremkia mtaa wa Mahmutpaşa hufunga nalo.

Nitaujuaje mgahawa wa mtego?

Tazama mlango. Picha za rangi za kila chakula, menyu ya lugha sita, bei za yuro badala ya lira, pizza na tambi kando ya kebabu, na kijana wa kukushika mkono: ukiviona vyote pamoja, endelea na safari. Kimoja peke yake si ushahidi. Siku hizi hata lokanta nzuri zina menyu ya Kiingereza.

Alama ya kinyume chake ina nguvu zaidi. Mgahawa unaouza vitu vinne au vitano tu, una wateja wanaokula haraka bila kupiga picha, na mhudumu anaonekana kama hana habari na wewe, huo ingia. Sheria ya Uturuki inataka bei zionekane mlangoni na mezani. Ukikaa ukaambiwa bei kwa mdomo, omba orodha au inuka. Si ukosefu wa adabu.

Wale wapiga debe wanaosema "rafiki yangu, unatoka wapi?" niwafanyeje?

Sema "teşekkürler" (asante) bila kusimama. Ukisimama umeshaingia kwenye mazungumzo. Wengi wanatafuta riziki tu na hawana ubaya. Lakini mtu asiyejulikana anayekualika ghafla ukanywe naye kinywaji mahali "anapopajua", hasa usiku upande wa Taksim, mkatae moja kwa moja. Huo ni mchezo wa zamani, na bili yake huwa ya kutisha.

Ile kebabu ya chungu kinachopasuliwa mezani ni ya kweli?

Testi kebabı ipo kweli, lakini asili yake ni Anatolia ya kati, Yozgat na Kapadokia. Huku Sultanahmet imegeuzwa kuwa onyesho la moto na makofi. Onyesho lina raha yake kama uko na watoto, ila unalilipia, na nyama iliyomo ndani ni mchuzi ambao lokanta ya Sirkeci ingekupa bila moto kwa bei ya chini sana.

Na döner, nyama inayozungushwa ikiwa wima mbele ya moto? Si ndiyo ile ile ya kila mahali?

Hapana. Iangalie kabla ya kununua. Rundo laini kabisa, lenye umbo moja kama limetoka kiwandani, ni nyama ya kusagwa iliyogandishwa. Ile nzuri, yaprak döner, ina tabaka za vipande bapa vya nyama unazoweza kuziona, kingo hazilingani, na mafuta ya kondoo yamepachikwa katikati. Mkata nyama wa kweli hushusha kisu kirefu taratibu na kutoa vipande vyembamba vinavyojikunja. Karibu na Kapalıçarşı, upande wa lango la Nuruosmaniye, kuna vibanda vya namna hii ambako foleni ya wenye maduka huanza saa tano na nusu, na nyama ikiisha, biashara imekwisha kwa siku hiyo. Dana ni ng'ombe, kuzu ni kondoo, tavuk ni kuku.

Ukiwa Hocapaşa, mwache mkata döner ukajaribu ndugu yake kutoka Erzurum, mashariki mwa Uturuki: cağ kebabı. Nyama ya kondoo inalala badala ya kusimama, inazunguka mbele ya moto wa kuni. Mpishi anachoma kijiti cha chuma kwenye tabaka la juu, anakata chini yake, na kukuletea kijiti chenye vipande vilivyoungua kingoni na bado vina maji ndani. Unavivuta kwa mkate mwembamba wa lavaş, na kitunguu. Şehzade Cağ Kebap ndilo jina linalotajwa zaidi mtaani hapo. Unalipa kwa kijiti, na wanaendelea kuleta mpaka useme inatosha, kwa hiyo hesabu mwenyewe.

Wali maharage wa Süleymaniye una nini cha ajabu?

Ndiyo, ni wali na maharage, na watu wanavuka jiji kuufuata. Mbele ya msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Mimar Sinan iliyokamilika 1557, kuna safu ya migahawa ya kuru fasulye. Erzincanlı Ali Baba ni wa tangu 1924. Maharage yanapikwa taratibu na siagi na rojo ya nyanya mpaka ganda halisikiki mdomoni, yanaletwa na pilav na sahani ya achari. Kutoka Ayasofya ni kama dakika ishirini na tano kwa miguu, na sehemu ya mwisho ni kilima.

Usidanganyike na neno pilav ukadhani unaletewa pilau ya Zanzibar. Ni wali mweupe wa siagi, mara nyingi na tambi ndogo za ngano zilizokaangwa rangi ya kahawia. Hauna karafuu wala binzari, na umekusudiwa kubeba mchuzi.

Kuna sehemu ambako watalii hawafiki kabisa?

"Kabisa" ni neno kubwa, lakini jaribu Kadınlar Pazarı, wilaya ya Fatih, kwenye kivuli cha mfereji wa maji wa Kirumi wa karne ya 4 uitwao Bozdoğan. Ni soko la watu wa kusini mashariki mwa Uturuki, hasa mji wa Siirt: jibini ndani ya ngozi, asali yenye masega, vichwa vya kondoo madirishani. Kwangu mimi, hapa ndipo penye mlo wenye thamani kuliko wote katika ukurasa huu.

Kula büryan. Kondoo anatundikwa mzima kwenye shimo la tandır, linafunikwa, anaiva kwa mvuke na joto la makaa kwa saa kadhaa. Asubuhi unamkuta amening'inia dukani, ngozi ya mafuta imekauka na kuwa ya dhahabu. Mkata nyama anakuuliza unataka ya mafuta au isiyo na mafuta, anakatakata kwa shoka dogo, anapima kwenye mizani na kuimwaga juu ya mkate wa moto ili mafuta yazame. Sema ya mafuta kidogo. Ukikataa mafuta yote umekataa chakula chenyewe. Siirt kwenyewe huliwa asubuhi, na hapa pia anayechelewa hukuta mifupa.

Cha pili ni perde pilavı: wali, kuku, lozi na zabibu ndogo, vyote vimefungwa ndani ya unga mwembamba na kuokwa kwenye kikombe cha shaba mpaka vikatoka na umbo la kofia. Kutoka kituo cha tramu cha Laleli ni mwendo wa robo saa hivi.

Nakuja Laleli kuchukua mzigo wa nguo, sina muda wa kutembea. Nile wapi?

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua Laleli kuliko Ayasofya, na wengi wao hula burger siku zote kwa sababu tu iko chini ya hoteli. Huna haja. Vichochoro vya nyuma ya maduka ya jumla vina lokanta za wapakiaji na wauzaji. Mwulize kijana anayekufungia mzigo anakula wapi, mfuate. Ukichoka na vya Kituruki, Kumkapı na Aksaray kuna migahawa ya Waafrika.

Chakula chote ni halali?

Nyama inayouzwa kwa kawaida ni halali, na nguruwe ni nadra kumkuta. Pombe ndiyo ya kuuliza: migahawa mingi ya kitalii na ya samaki inauza rakı (pombe kali ya Kituruki) na bia, ilhali lokanta za Fatih, Süleymaniye na nyingi za Sirkeci haziuzi. Asiyetaka kukaa meza jirani na chupa achague hizo.

Vipi kuhusu samaki?

Balık ekmek, samaki ndani ya mkate pale Eminönü, ufukweni karibu na Sirkeci, ni raha ya mahali kuliko ya chakula. Una daraja la Galata mbele yako, shakwe, moshi, na limau unalokamua mwenyewe. Samaki mwenyewe mara nyingi ni uskumru (wa jamii ya vibua) aliyegandishwa kutoka Norwei. Kula mara moja, kunywa glasi ya maji ya achari yenye rangi ya waridi kama una moyo, uendelee.

Samaki wa msimu ndiye wa kutafuta: hamsi, dagaa wa Bahari Nyeusi, wakati wa baridi, na palamut, wa jamii ya jodari, kuanzia Septemba meli kubwa zinaporuhusiwa tena kuvua. Migahawa ya samaki ya Kumkapı iko karibu, lakini bei huwa kwa uzito. Samaki apimwe mbele yako na bei isemwe kabla hajaguswa na moto.

Sili nyama. Nitashiba?

Vizuri kabisa, mradi uulize "etsiz mi?" (haina nyama?) maana maharage na wali vinaweza kuwa vimepikwa na mchuzi wa nyama. Supu ya dengu (mercimek), vyakula vya mafuta ya zeituni, menemen ya mayai na nyanya, börek (unga mwembamba wa kuokwa) ya jibini. Na kuna mshangao: çiğ köfte, ambayo jina lake linaashiria nyama mbichi, madukani huuzwa bila nyama hata punje, ni bulgur (ngano iliyopondwa), nyanya, isot (pilipili ya unga) na limau iliyofungwa kwenye lavaş. Hiyo ni mojawapo ya vitu vichache vitakavyompendeza mla pilipili.

Chai ya tufaha niagize?

Ni unga wa sukari uliotengenezwa kwa wageni. Chai ya Waturuki ni nyeusi, ya mkoa wa Rize, bila maziwa, kwenye glasi yenye kiuno. Nzito ni "demli", nyepesi ni "açık". Kahawa nayo uamue sukari kabla, kwa kuwa inachemshwa nayo: sade haina, orta ya wastani, şekerli tamu. Ya kubeba nyumbani inasagwa kwa Kurukahveci Mehmet Efendi, ubavuni mwa soko la viungo la Eminönü, tangu 1871. Utaisikia harufu kabla hujaiona foleni.

Na vitamu?

Lokum, peremende laini ya wanga na sukari, ya Hacı Bekir (1777) iko karibu na hapo hapo Eminönü. Baklava vuka daraja ukale kwa Güllüoğlu wa Karaköy. Ya kweli hulia kwa mlio mkavu uma ukiingia na haiachi ziwa la shira kwenye sahani. Wakati wa baridi kuna Vefa Bozacısı, duka la 1876 lenye vigae na vioo, dakika chache kutoka Süleymaniye. Boza ni kinywaji kizito cha nafaka kilichochachushwa kidogo, kinanyunyiziwa mdalasini na kuliwa na dengu kubwa za kukaanga zinazouzwa ng'ambo ya barabara. Anayeijua togwa hatashangaa.

Ramadhani je?

Migahawa ya kitalii hubaki wazi mchana. Lokanta nyingi ndogo hufunga au kupumzika mpaka magharibi. Jioni uwanja wa Sultanahmet hujaa familia zilizotandika mikeka na vyakula vyao. Nunua mkate wa ramazan pidesi ukiwa wa moto, panga foleni kama wengine, na utafute güllaç, kitamu cha karatasi za wanga zilizolowekwa maziwa, ambacho nje ya mwezi huo si rahisi kukipata.

Nina saa chache tu za kusubiri ndege. Inawezekana?

Uwanja mpya wa ndege uko mbali, kama kilomita hamsini, na foleni za Istanbul hazina huruma. Ukiwa na muda usiofikia saa nane, baki uwanjani. Ukiwa na zaidi, na viza yako iko sawa, nenda Sirkeci moja kwa moja, kula, tazama Ayasofya kwa nje, urudi.

Bakshishi na bili?

Kwenye lokanta acha chenji au asilimia 5 hivi. Mgahawa wa mezani, kama 10. Soma bili: mistari ya "kuver" (ada ya kukaa mezani) au "servis" (ada ya huduma), maji na sahani ndogo ambazo hukuziagiza, uliza kila mmoja. Chai iliyoletwa yenyewe baada ya mlo kwa kawaida ni zawadi. Beba lira taslimu kidogo, kadi zinapokelewa karibu kila mahali ila si kwa muuza simit.